Kondo Limekaa Wapi? Wito kwa Kila Nyumba Yenye Mjamzito



Mama mjamzito anaporudi nyumbani kutoka kupiga altrasaundi, tunampokea kwa swali gani? Wengi wetu tunauliza: ni wa kike au wa kiume? Swali hilo lina furaha yake, wala simzuii mtu kuliuliza. Lakini lipo jingine ambalo ningependa lizoeleke katika nyumba zetu: kondo la nyuma limekaa wapi?

Linamhusu zaidi mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Jibu likipatikana mapema, familia inapata miezi ya kujiandaa. Lisipopatikana, huenda likajulikana akiwa tayari mezani kwa ajili ya upasuaji, usiku wa manane, ndugu wakihangaika kutafuta damu.

Tuanze na kondo lenyewe. Ndilo linalomlisha mtoto tumboni na kumpa hewa. Kwa kawaida hujishika kwenye utando laini ulio ndani ya mfuko wa uzazi, na mtoto akishazaliwa hubanduka lenyewe likatoka. Mkunga hulikagua, akaridhika kwamba limetoka lote.

Sasa itakuwaje kama mahali lilipojishika pana kovu? Kwenye kovu utando ule huwa umeharibika, au haupo kabisa. Kondo linazama zaidi ya inavyotakiwa, linaingia kwenye msuli wa kizazi. Mara nyingine linapenya msuli wote hadi kufikia kibofu cha mkojo, ambacho kiko jirani sana na kovu la upasuaji.

Umewahi kuona mti uliojiotea kwenye ufa wa ukuta wa nyumba? Ukiung'oa kwa nguvu hauji peke yake, unakuja na tofali zake. Ndivyo ilivyo kwa kondo lililozama. Daktari asiyejua hali hiyo akilivuta, mishipa iliyokuwa ikilihudumia hubaki wazi, na mimba inapokuwa imekomaa damu inayopita kwenye kizazi hufikia nusu lita na zaidi kwa kila dakika. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu, mama anabakiwa na muda gani.

Madaktari huiita hali hii plasenta akreta. Kondo likizama zaidi ndani ya msuli huiita inkreta, na likipenya hadi nje ya kizazi huiita pakreta. Nayataja majina haya ili ukiyasikia hospitalini usitishike, bali ujue la kuuliza.

Kinachonisukuma kuandika ni kwamba hali hii mara nyingi haina dalili. Mama anakula vizuri, anafanya kazi zake, mtoto anacheza tumboni. Haumwi popote. Wengine hutokwa na damu bila maumivu mimba ikiwa kubwa, na hao wanatakiwa kwenda hospitali saa hiyohiyo hata kama damu imekatika. Wengi hawapati hata ishara hiyo. Mikono yetu haiwezi kuigundua, wala uzoefu wa bibi zetu, pamoja na heshima yote tunayowapa. Inahitaji kutazamwa kwa mashine.

Je, kila aliyepasuliwa awe na hofu? Hapana, na hapa naomba tutulie tusikilize takwimu. Mwaka 2006 ulichapishwa Marekani utafiti uliowafuatilia akina mama zaidi ya 30,000 waliojifungua kwa upasuaji. Kwa wale ambao kondo halikuwa limeziba njia ya uzazi, tatizo hili lilimpata chini ya mmoja kati ya 100, hata kwa mwenye makovu matatu au manne. Hiyo ni habari njema kwa walio wengi.

Mambo hubadilika pale mama mwenye kovu anapokuwa pia na kondo lililokaa chini likaziba njia. Katika utafiti huo, wenye hali hiyo na kovu moja, 11 kati ya 100 walikutwa kondo limezama. Wenye makovu mawili, 40 kati ya 100. Wenye makovu matatu, 61 kati ya 100. Umeona kwa nini nasema tuulize kondo limekaa wapi? Vitu viwili vinapokutana, kovu na kondo la chini, ndipo hatari inapopanda.

Nasi tunaelekea kuwa na makovu mengi kuliko zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 hapa Tanzania ulionyesha kuwa watoto 11 kati ya 100 walizaliwa kwa upasuaji, kutoka 6 kati ya 100 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Upasuaji umeokoa akina mama na watoto wengi, na ni moja ya sababu ambazo leo tunawazika wazazi wachache kuliko walivyozikwa wakati wa mama zetu. Ila kila kovu linataka kufuatiliwa katika mimba inayofuata.

Hapa niseme neno la pembeni, kwa kuwa linaniuma. Bado wapo wanaosema aliyepasuliwa "hakuzaa". Maneno hayo yanamfanya mama afiche kovu lake, na kovu lililofichwa daktari hawezi kulifuatilia. Aliyejifungua kwa upasuaji amezaa kama alivyozaa mwingine yeyote, tena kwa maumivu ya wiki nyingi. Tuwape hongera zao kamili.

Turudi kwenye kipimo. Wako wanaoogopa altrasaundi wakidhani ina mionzi itakayomdhuru mtoto. Kipimo hiki hakitumii mionzi ya eksirei. Kinatumia sauti, ya kiwango ambacho sikio la binadamu halisikii. Sauti hiyo inaingia tumboni, inagonga viungo na kurudi, na mashine inaigeuza kuwa picha. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, waliutangaza utaalamu huu mwaka 1958, baada ya kujifunza kutoka kwenye mashine za viwandani zilizotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Tangu hapo vizazi kwa vizazi vya watoto vimepimwa kwa njia hii.

Mtaalamu anatafuta nini hasa? Kondo lililokaa vizuri huwa na mstari mwembamba mweusi unaolitenga na msuli wa kizazi. Mstari ule ukipotea, anaanza kuangalia kwa makini. Anatazama kama ndani ya kondo kuna vidimbwi vya damu vyenye maumbo ya ovyo. Anapima unene wa msuli wa kizazi, ambao unaweza kuwa umebaki chini ya milimita moja. Anafuatilia ukuta wa kibofu, ambao kwa kawaida huonekana mweupe, kuona kama umekatika mahali. Akiwa na Dopla ya rangi, yaani altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, anaona pia mishipa ya damu iliyojazana kati ya kizazi na kibofu.

Ndiyo maana mama mwenye kovu huombwa aende akiwa na mkojo kiasi kwenye kibofu, kwa sababu ukuta huo huonekana vizuri zaidi. Na akiambiwa apimwe kwa kifaa cha ndani, kupitia ukeni, asikatae kwa woga. Kipimo hicho ni salama na huonyesha sehemu ya chini ya kizazi vizuri zaidi kuliko kile cha juu ya tumbo.

Mikononi mwa mtaalamu mzoefu, anayejua kwamba mbele yake yuko mama mwenye kovu, altrasaundi hugundua karibu 9 kati ya 10 wenye tatizo hili. Hata hivyo, hata katika nchi tajiri wapo wengi wanaofika chumba cha upasuaji bila kugunduliwa. Mashine ilikuwepo, na mama alipimwa. Aliyempima hakuambiwa habari za kovu, akatazama mtoto, mapigo ya moyo na maji, akamaliza. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo ambalo sisi wananchi tunaweza kulijaza, kwa sababu halihitaji fedha wala shahada.

Tunalijaza kwa kusema. Mama, ukilala kwenye kile kitanda, mwambie mpimaji kabla hajapaka jeli: "Nimewahi kujifungua kwa upasuaji mara moja, mwaka fulani. Naomba uniangalizie kondo limekaa wapi, na kama limegusa kovu." Huo si utovu wa adabu. Hakuna mtaalamu mwema atakayechukia kuambiwa hivyo.

Yapo mengine ya kusema pia. Umewahi kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika? Umewahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi? Kondo liliwahi kukwama likatolewa kwa mkono? Haya nayo huacha makovu ndani, na nje hayaonekani. Najua mengine ni mazito kuyatamka, hasa mume au mama mkwe akiwa amekaa pembeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Omba ubaki na mhudumu faragha, useme. Nanyi mliomsindikiza, mkiombwa kutoka nje kidogo, tokeni kwa moyo mweupe.

Aende kupima lini? Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza kila mjamzito apate walau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mwenye kovu mimi ningemwomba awahi zaidi, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, maana hapo inaweza kuonekana kama mimba imejikita kwenye kovu lenyewe. Kisha arudi kwenye kipimo cha kati, cha kabla ya wiki ya 24. Akiambiwa kondo liko chini, arudi tena karibu na wiki ya 32.

Na akiambiwa kondo liko chini mimba ikiwa ya miezi mitano, asirudi nyumbani akilia. Sehemu kubwa ya makondo yanayoonekana chini wakati huo hupanda kadiri kizazi kinavyokua. Kinachotakiwa ni kurudi kuangaliwa tena, basi. Tatizo ni pale tunapoona amepimwa mara moja, tukadhani yamekwisha.

Baba wa nyumba, wewe una nafasi gani? Kubwa kuliko unavyodhani. Si kila zahanati ina mashine. Mara nyingi mama atalazimika kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na nauli inatakiwa, pengine na fedha ya kipimo. Je, mmeshakaa mkalizungumza? Kibubu kilichoanzishwa mimba ikiwa ya miezi miwili hakiumizi kama deni la ghafla mimba ikiwa ya miezi minane. Ukiweza, msindikize. Kovu lake unalijua, tarehe unaikumbuka, na yeye akisahau kuuliza, utauliza wewe.

Tunzeni kadi ya kliniki na karatasi ya hospitali iliyoeleza upasuaji uliopita. Najua nyumba nyingi karatasi hizo huishia kwenye sanduku la nguo au zikaliwa na panya. Ziwekeni kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na majibu ya altrasaundi zote, na mfuko huo ujulikane na kila mtu mzima pale nyumbani. Siku ya dharura, karatasi hizo zitamsemea mama ambaye huenda hana nguvu ya kusema.

Mama mkwe na shangazi, tunawategemea. Ninyi ndio mnaojua kumshawishi binti asijifungulie nyumbani kwa kuwa "safari hii mtoto ni mdogo". Mwenye kovu ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu, hata kama mimba yote imekwenda salama. Na baada ya kujifungua msaidieni apumzike walau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, bila masimango ya "lini unatuletea mwingine".

Kazini nako tuna la kufanya. Wewe mwajiri, mwenye duka, mwenye shamba, msimamizi wa kiwanda: dada anapoomba ruhusa ya kwenda kupima, mruhusu bila kumkata mshahara wake, na umuulize kwa upole kama amepanga kurudi tena. Madereva wa bodaboda au bajaji, mnapobeba mama mwenye mimba kubwa anayetokwa na damu, msipitie popote. Na wote tuikariri namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandikeni mlangoni.

Nanyi ndugu zetu wauguzi, wakunga na wapimaji, tunajua foleni mnazokabiliana nazo kila asubuhi. Ombi letu ni sentensi moja tu kwenye majibu: kondo liko mbele au nyuma, juu au chini, na kwa mwenye kovu, mnaona nini hapo kovuni. Mkitia shaka, mpeni mama rufaa mapema akaonwe na mwenye uzoefu zaidi. Kumpa rufaa mtu ambaye baadaye ataonekana mzima hakuna aibu yoyote.

Basi tuseme kipimo kimeonyesha kondo limezama. Nini kinafuata?

Kwanza, mtoto mara nyingi ni mzima. Hilo liwape nguvu. Pili, mama huyu hatakiwi kusubiri uchungu. Kwa kawaida madaktari hupanga kumzalisha kwa upasuaji kati ya wiki ya 34 na 36, mchana, wataalamu wote wakiwepo: wa uzazi, wa usingizi, wa watoto wachanga, na pengine wa njia ya mkojo. Hospitali inayofaa ni kubwa, kama za rufaa za kanda au Muhimbili. Mama anayeishi mbali ahamie karibu wiki kadhaa kabla. Je, kuna ndugu pale mjini mwenye chumba? Huyo ndiye wa kupigiwa simu, na natumaini atafungua mlango.

Tatu, na hili ni zito, mara nyingi mtoto akishatolewa, kondo haliguswi, na kizazi kinaondolewa pamoja nalo. Ndiyo njia inayookoa maisha ya wengi. Zipo hospitali zinazoweza kuhifadhi kizazi kwa baadhi ya akina mama, lakini uamuzi huo ni wa daktari na mama mwenyewe, baada ya kuelezwa yote.

Kumbe siku za kujiandaa zina thamani hata kwa moyo. Aliyeambiwa mapema analia mapema, anauliza, anasali, anazoea. Anayezinduka baada ya upasuaji na kuambiwa kwamba kizazi hakipo, anaumia peke yake. Shemeji yangu mwanaume, siku hiyo mkeo atakutazama usoni kabla ya kumtazama daktari. Mwambie umeshukuru yuko hai. Mwanamke aliyeondolewa kizazi ni mke kamili na mama kamili, na ukoo ukikaa kuzungumza vinginevyo, wewe ndiye wa kusimama.

Viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa, jambo hili mnaweza kulisemea kwa dakika tano tu baada ya ibada au kwenye mkutano wa mtaa. Watu huwasikiliza.

Limebaki moja, nalo halihitaji uwe na mjamzito nyumbani: damu. Upasuaji wa kondo lililozama unaweza kuhitaji chupa nyingi kwa mama mmoja. Hakuna kiwanda kinachotengeneza damu, na ikishatolewa hukaa wiki chache tu kabla ya kuharibika, kwa hiyo waliochangia mwaka jana hawawezi kumsaidia mama wa mwezi huu.

Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, unaweza kuchangia. Wanaume huruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, wanawake kila baada ya miezi minne, isipokuwa mjamzito na anayenyonyesha. Unapimwa bure, na kundi lako la damu unalijua. Nenda kwenye kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama au hospitali iliyo karibu nawe, na ukiweza nenda na mwenzako mmoja wa kazini. Tafadhali, iwe wiki hii.